Nimekuwa mdomo wa mwanafunzi kiziwi, sasa siri yake inaninyima usingizi

Salamu kwako, mama mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto wawili, mkalimani wa lugha ya ishara katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulia. Baba alikuwa askari, na kambini ukitaka kucheza na watoto wa makabila yote hukuwa na lugha nyingine. Jirani mgeni akienda sokoni na hajui Kiganda, nilitumwa mimi nimsemee. Labda ndiyo maana niliposikia kwamba Chuo Kikuu cha Kyambogo wanafundisha ukalimani wa lugha ya ishara, sikusita.

Nina miaka 9 katika kazi hii. Ofisi yetu iko chini ya Mlezi wa Wanafunzi, na inawahudumia wanafunzi wenye ulemavu: wasioona, wanaotumia viti vya magurudumu, wenye ualbino, viziwi. Viziwi ni wanne. Wakalimani tulikuwa wawili, mwenzangu akaenda likizo ya uzazi na hakuletwa mwingine. Kipindi cha saa tatu kinatakiwa kuwa na wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30, maana akili huchoka kabla ya mikono. Mimi nakibeba peke yangu, kisha nakimbilia darasa lingine. Lakini silo lililonifanya niandike.

Kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nitamwita Binti. Kwao ni mbali, na nyumbani hakuna anayejua ishara isipokuwa mdogo wake wa kike. Wazazi huzungumza naye kwa kidole: njoo, kula, lete maji. Lugha aliipata shuleni. Muhula uliopita baba yake alifariki. Alienda mazishini, akarudi baada ya wiki moja, akaniambia kwamba siku zote za matanga watu walikuwa wakilia na kusimulia habari za baba yake, wengine hata wakicheka kwa kumkumbuka, naye ameketi katikati yao hapati hata neno moja.

Nilimshauri amwone mshauri nasaha wa chuo. Mshauri huyo ni mtu mwema sana, lakini hajui ishara, kwa hiyo nilikaa pale chumbani kutafsiri. Walikutana mara nne. Mama, sijui kama unaifahamu kazi yetu. Kiziwi akionyesha "mimi", mkalimani hasemi "anasema kwamba yeye". Husema "mimi". Ndiyo kanuni. Basi ni mimi niliyesema, kwa sauti yangu, "Mimi ni mgeni kila mahali, hata nyumbani kwetu." Ni mimi niliyesema, "Kuna usiku ninaomba nisiamke." Nilisema kwa utulivu, kama kazi inavyotaka. Jioni ile bodaboda alinifikisha hadi mlangoni, nikakaa palepale juu ya pikipiki mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Baada ya mara ya nne Binti hakurudi. Alimwandikia mshauri ujumbe kwamba yuko sawa, ila ana kazi nyingi za masomo. Siku moja mshauri alinisimamisha kwenye ngazi, akasema, "Yule binti anaendelea vizuri, namshukuru Mungu." Nikatabasamu tu. Asubuhi hiyohiyo, mhadhiri akiwa amegeukia ubao, Binti alikuwa amenionyesha ishara chini ya meza, ndogondogo, wenzake wasione: "Sijalala tena. Yale mawazo yamerudi." Halafu akainua macho kufuata somo, na mimi nikaendelea kutafsiri.

Kipindi kilipokwisha nilimfuata. Akanisihi nisimwambie mtu. Nikamwambia mshauri angefurahi kumwona tena. Jibu lake halinitoki kichwani: "Ukisema, sitakuwa na wa kuzungumza naye chuo kizima."

Tangu hapo kila mtu ananiuliza mimi. Mhadhiri: "Huyu msichana anaelewa kweli? Naona amezubaa." Mlezi wa Wanafunzi anataka kujua kama ataimudu mitihani, ambayo imebakiza wiki tatu. Mama yake naye alipata namba yangu, sijui kwa nani, akanipigia usiku: "Wewe ndiwe mdomo wake. Niambie mwanangu ana nini." Nilimjibu kwamba yuko salama. Nilipokata simu nilijiona mwongo.

Kanuni yetu inasema kilichosemwa chumbani kibaki chumbani, na mkalimani haongezi, hapunguzi, hashauri. Nimeishika miaka yote 9. Lakini Binti akipatwa na jambo, nitajitetea kwa kanuni mbele ya kaburi? Na nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya mtu pekee anayemwelewa. Mume wangu anasema siku hizi mikono yangu inacheza nikiwa usingizini. Yeye hajui ninachosema, na siwezi kumwambia. Nimeanza kufikiria kuacha kazi. Nivunje siri, au nikae kimya?

Mikono Iliyochoka, Kampala

*

Dada yangu mpendwa,

Barua yako haikungoja zamu. Nilikuandikia faragha siku ileile kuhusu usalama wa Binti, na haya nayachapa kwa ruhusa yako, baada ya kubadilisha yale ambayo yangeweza kumtambulisha. Najua wakalimani wengine watayasoma, na wafanyakazi wa ofisi kama yenu, na pengine mama fulani ambaye mtoto wake kiziwi yuko mbali.

Nilichokuambia kwanza ninakirudia. Mtu akisema mawazo ya kutoamka yamerudi, anaulizwa. Anaulizwa waziwazi, kwa ishara yenyewe, bila kuzungukazunguka: unafikiria kujiua? Umefikiria namna? Umefikiria lini? Wengi wetu tunaogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba swali halipandi wazo, na mara nyingi anayeulizwa hupumua, kwa kuwa amepata mtu asiyekimbia. Akijibu kwamba amepanga, basi hapo sina mashaka, na wewe usiwe nayo: asiachwe peke yake usiku huo, vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe karibu yake, na mshauri wa chuo aitwe saa hiyohiyo. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna hospitali ya akili ya Butabika. Najua jina hilo linawatisha watu. Walakini humo kuna madaktari na wauguzi ambao kazi yao ya kila siku ni hii hasa. Na Binti akipelekwa popote, ukalimani uende naye. Hata simu za msaada tunazotangaziwa kila siku, nyingi zinahitaji sikio, kwa hiyo kwake ni kama hazipo.

Baada ya hilo, turudi kwenye swali lako: nivunje siri au nikae kimya. Nimelisoma mara nyingi, na kila mara nimeona umefunga vitu tofauti katika kanga moja. Kuna maneno yaliyosemwa mbele ya mshauri. Hayo mshauri anayo, wewe ndiwe uliyempa kwa sauti yako. Halafu kuna maneno ya chini ya meza. Hayo hukumtafsiria mtu yeyote, maana hapakuwa na mtu wa tatu. Uliambiwa wewe. Ninajiuliza kama dakika ile Binti alikuwa anazungumza na mkalimani wake, au na mwanamke anayejua lugha yake na ambaye alishamwona akilia. Ikiwa ni huyu wa pili, basi unajaribu kuyabeba maneno yake kwa kanuni iliyotungwa kwa ajili ya chumba kingine.

Sisemi kwamba kwa hiyo uko huru kuyatangaza. Hata asiye mkalimani hutunza alichoambiwa. Lakini ana ruhusa ambayo mkalimani kazini hana. Anaweza kuuliza, kukataa, kuonyesha hofu. Anaweza kusema "mimi" akimaanisha mimi mwenyewe. Ulipomfuata baada ya kipindi ulianza kufanya hivyo, kisha nadhani kanuni ikakushika koo. Je, ulimwambia Binti kwamba wewe unaogopa? Katika barua yako ulimwambia habari za mshauri. Habari zako hukumwambia.

Kuna jambo jingine ambalo huenda limekupita kwa sababu ulikuwa kazini. Mshauri nasaha anayeijua kazi yake, siku ya kwanza kabisa humwambia mteja: utakayosema ni siri, isipokuwa uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini. Ikiwa alisema hivyo, basi aliyeyafikisha maneno hayo kwa Binti ni wewe, kwa mikono yako. Mpaka wa siri Binti anaujua. Kumkumbusha kwamba mpaka huo upo, na kwamba unamhusu na wewe pia, si usaliti. Na kama mshauri hakusema, hilo nalo ni la kulizungumza naye, mkiwa wawili, kwa upole.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelipima sana kabla ya kuliandika, maana linaweza kukuuma. Umechukulia kwamba Binti ameacha kwenda kwa mshauri lakini wewe bado anakutaka. Mimi najiuliza kama kilichomchosha kule ni mshauri kweli. Fikiria siku yake. Saa mbili asubuhi uso wako unamfundisha masomo. Saa nane uso huohuo uko kwa mshauri, unapokea habari za kifo cha baba yake. Kesho yake asubuhi uko tena darasani, na yeye anatakiwa akutazame kwa saa tatu mfululizo, maana asipokutazama hana somo. Sisi wenye kusikia tukishalia mbele ya mtu, tunaweza kumkwepa siku mbili tatu mpaka aibu ipungue. Binti hawezi kukukwepa. Pengine ameacha kile chumba ili akubakize wewe wa darasani. Sijui. Anayejua ni yeye, na ni swali linaloweza kuulizwa kwa upendo: "Ungependa mwingine atafsiri kule, nami nibaki darasani tu?"

Akisema ndiyo, usilipokee kama kufukuzwa.

Njia hiyo nayo ina miiba yake. Mkalimani wa nje anahitaji malipo, na chuo kitauliza ni ya nini. Tena ulimwengu wa viziwi wenye elimu hapa kwetu ni mdogo. Shule za sekondari za viziwi ni chache, kama ile ya Wakiso na ile ya Mbale, na waliopitia huko wanafahamiana, wakalimani nao wanajulikana kwa majina. Binti anaweza kuogopa kwamba mkalimani mpya ndiye atakayekutana naye arusini mwezi ujao. Hofu hiyo ina msingi. Wengine hupendelea kuzungumza na kiziwi mwenzao mtu mzima aliyewahi kufiwa, bila mkalimani kabisa, na nimeona ikisaidia. Ila huyo si mtaalamu, na habari nzito zaweza kumwelemea kama zinavyokuelemea wewe. Iko pia njia ya kuandikiana na mshauri. Hapo nina tahadhari: kwa viziwi wengi Kiingereza ni lugha ya pili waliyoipata kwa macho tu, darasani. Uso hauonekani kwenye ujumbe, na katika lugha ya ishara uso ni nusu ya sarufi. Ndiyo maana ule ujumbe wa "niko sawa" haunitulizi hata kidogo. Ni maneno mepesi kuliko yote kuyaandika katika lugha isiyo yako. Mshauri ameusoma kama habari njema kwa sababu hajui jambo hili, na kumweleza jinsi ujumbe wa kiziwi unavyopaswa kusomwa hakuvunji siri ya mtu yeyote. Hilo unaweza kumwambia hata kesho kwenye zile ngazi, bila kutaja jina la Binti.

Nirudi matangani, maana nadhani pale ndipo penye donda, na wewe mwenyewe umepaandika kwa uchungu kuliko sehemu nyingine. Msiba wetu huku unatulizwa kwa maneno. Watu hukesha, husimulia marehemu alivyokuwa, alivyokopa ng'ombe wa jirani, alivyochukia pilipili, na katika kusimulia ndipo aliyefiwa anampata mtu wake mara ya mwisho. Binti alikuwepo kwa mwili na hakupewa hata hadithi moja. Miaka kadhaa iliyopita, katika zahanati fulani, nilimwona mama kiziwi akipewa habari za ugonjwa wake kupitia mwanawe wa miaka 10 hivi. Mtoto alisikiliza maelezo marefu ya muuguzi, kisha akamgeukia mama yake na kumwonyesha kidole kimoja, cha kidonge. Mama akaitikia kwa kichwa. Nilitoka pale nimekasirika na sikujua nimkasirikie nani. Nafikiri Binti amekuwa akiitikia kwa kichwa hivyo maisha yake yote nyumbani.

Kwa hiyo ninapomsikia mama yake akikuambia "wewe ndiwe mdomo wake", nasikia mama aliyefiwa na mume, na ambaye hajawahi kupata mazungumzo marefu na binti yake. Ulijibu kwamba yuko salama. Usijihukumu sana kwa hilo, ulishikwa usiku bila kujiandaa. Akipiga tena, unaweza kumwambia ukweli usioumiza: "Mama, maneno ya mwanao ni yake, siwezi kuyatoa bila yeye. Lakini nitamwambia kwamba umeuliza." Kisha umwambie Binti kwamba mama yake ameuliza. Huenda habari hiyo peke yake ikawa kubwa kuliko unavyodhani. Na kama Binti atataka, mama anaweza kuja, au kupiga simu ya video, na kumsimulia habari za baba yake tangu mwanzo, mtu akitafsiri neno kwa neno. Hasara yake? Machozi wiki tatu kabla ya mitihani, na hakuna anayejua yatafungua nini. Inafaa mshauri awe anajua kabla. Na tafadhali, yule mdogo wake asifanywe mkalimani wa jambo hili. Naye amefiwa na baba.

Kuhusu huo mdomo, nakukumbusha kisa unachokijua kuliko mimi. Alex Ndeezi alipoingia Bungeni mwaka 1996, kiziwi wa kwanza kuwa mbunge katika Afrika, sauti iliyosikika ukumbini ilikuwa ya mkalimani. Lakini kumbukumbu za Bunge ziliandika jina la mbunge. Mkalimani alitoa sauti, hoja ilibaki ya mwenyewe. Mhadhiri anayekuuliza wewe kama msichana anaelewa anapaswa kugeuziwa swali lake, kwa adabu: "Muulize yeye, mimi nitatafsiri." Ukilifanya kila mara, atazoea.

Mlezi wa Wanafunzi ni tofauti kidogo, kwa sababu yeye ana wajibu, na kuna mambo unayoweza kumdai bila kumtaja mtu. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha ya ishara. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza taasisi ya elimu kumbagua mwanafunzi kwa ulemavu wake. Kwa macho yangu, viziwi wanne kwa mkalimani mmoja ni wanafunzi wanaosikia nusu ya somo. Hilo ni lako kulisema kwa maandishi, kwa jina lako, kama suala la kazi. Habari za afya ya Binti ni jambo jingine. Uganda iliridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na ibara yake ya 22 inalinda faragha ya habari zao za afya kama za watu wengine wote. Akihitaji muda wa ziada, au kuahirisha mtihani mmoja kwa sababu ya msiba, ombi liwe lake. Msiba unajulikana tayari, na unatosha kuwa sababu. Lakini usidhani kwamba kuahirisha ni ahueni kwa kila mtu. Wapo wanaoshikiliwa na mitihani, wakiondolewa ratiba hiyo wanabaki na usiku tu. Mwulize.

Utaona kwamba karibu kila ninachokutajia kinaishia kwake. Naogopa kwamba kwa kumpenda umeanza kumfikiria kama mtoto anayevushwa barabara. Yeye ni mwanamke mtu mzima, amefika mwaka wa tatu katika chuo ambacho hakikujengwa kwa ajili yake. Anaweza kuvumilia kusikia kutoka kwako: "Ulichoniambia ni kizito kwangu. Siwezi kukibeba peke yangu wiki tatu. Nataka mshauri ajue. Tumwambie vipi, wewe na mimi, na lini?" Anaweza kukasirika. Anaweza kukununia darasani siku mbili, na utatafsiri ukiwa umenuniwa. Anaweza pia kukataa kabisa, na hapo utabaki na uamuzi mgumu ambao siwezi kukuchukulia, isipokuwa pale uhai ukiwa hatarini, ambapo nimeshasema. Lakini hata ukilazimika kumwambia mshauri kinyume na matakwa yake, mwambie Binti kwanza kwamba unakwenda kusema, na utasema nini. Asije akasikia kwa mwingine kwamba siri yake imetembea.

Na wewe, dada. Nimeacha habari zako mwisho, na najua ndivyo unavyofanya mwenyewe kila siku. Umesema kwa kinywa chako "ninaomba nisiamke", kisha ukapanda boda kwenda kupikia watoto. Mwili hautofautishi vizuri kati ya "mimi" wa kazi na "mimi" wa nyumbani. Mikono inayocheza usingizini inaendeleza mazungumzo ambayo hayakufungwa. Kuna wakalimani wanaojizoesha kitu kidogo: wakitoka chumbani husema jina lao wenyewe kwa sauti, na jambo moja lililo kweli kwao. "Naitwa fulani. Baba yangu alikuwa askari." Si dawa, ila ni mlango. Ungeweza pia kumwomba mshauri dakika tano kila baada ya kikao, Binti akishatoka, za kuzungumzia yaliyokupata wewe. Hayo si siri za Binti, ni zako. Mume wako vilevile. Huwezi kumwambia nani wala nini, lakini unaweza kumwambia, "Kazini natamka maneno ya watu wenye uchungu kana kwamba ni yangu, na siku hizi hayatoki." Yeye ameshaona mikono yako usiku. Nadhani anangoja uanze.

Kuhusu kuacha kazi sitakusukuma kokote. Nina ombi moja tu kwa hilo: usiamue kabla hujapumzika, na kabla hujafanya kazi hii walau mwezi mmoja ukiwa na mwenzako wa kupokezana naye. Huenda unachokichoka ni upweke wa kazi. Huenda ni kazi yenyewe, na miaka 9 si michache, hakuna atakayekulaumu. Ikifikia hapo, Binti na wenzake watatu wajue mapema, na waage vizuri.

Niandikie tena, hata mistari miwili. Na mtakapokaa kuzungumza, wewe na Binti, msifanye chini ya meza tena, wala kwenye korido jioni umeme ukiwa umekatika. Tafuteni mahali penye mwanga, auone uso wako vizuri unapomuuliza.